Anayeupima Mirongo Ni Nani?



Kila matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, swali ni lile lile. Mzazi anauliza: kijana amefaulu masomo ya sayansi na hisabati, aende mchepuo wa PCM au PCB, na akishamaliza huko asomee kitu gani cha kueleweka? Majibu ya mtaani huwa matatu: udaktari, uhandisi wa ujenzi, na siku hizi kompyuta.  Leo naomba nimwongezee mzazi huyo jibu la nne. Jibu lenyewe linapita katikati ya mji wetu wa Mwanza, linanuka, na wengi wetu tukilivuka tunaziba pua. Ninausema mto Mirongo, na sayansi ya mazingira inayouhitaji.

Mirongo si mto wa kutisha. Wakati wa kiangazi mtoto anauruka. Ikija masika unabadilika tabia, unaingia majumbani kwa watu, na wakazi wa Mabatini hawahitaji kusimuliwa habari hiyo na mtu wa redioni. Maji yake yanaanzia vilimani, yanashuka katikati ya makazi, yanapita mjini na kuishia ziwani. Na ziwa hilo, usisahau, ndilo tunalolinywa.

Sasa tuangalie mji wenyewe ulivyokaa. Mwanza ni mji wa mawe. Mgeni akifika anapiga picha Jiwe la Bismarck, anaondoka amefurahi. Fundi anayechimba choo kule mlimani hapigi picha, anapiga nyundo. Shimo likifika futi chache linagota mwamba, basi, hapo ndipo mwisho wake. Choo kifupi kinajaa haraka. Gari la kunyonya majitaka haliwezi kupanda kilima kisicho na barabara, na hata lingeweza, bei yake si ya mpangaji wa chumba kimoja. Kwa hiyo mvua kubwa ikianza kunyesha usiku, wapo wanaotapisha vyoo. Hatuna haja ya kuoneana aibu, jambo hili kila mtu analijua. Uchafu unatapishwa juu, unapokelewa chini. Wa chini naye anapokea bila kuulizwa, kisha Mirongo unachukua na kupeleka ziwani.

Hapo ndipo ninapoiona haki ya mazingira kwa macho, wala sihitaji kwenda kwenye mikutano ya mabadiliko ya tabianchi kuitafuta. Mwinuko wa nyumba yako na unene wa mfuko wako ndivyo vinavyoamua uchafu wa nani utaishia kwako. Sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Mita 60! Pita kando ya Mirongo uhesabu kuta zilizomo ndani ya mita hizo. Sheria hiyo inapoamka usingizini, mara nyingi inaanza na alama nyekundu ya X kwenye ukuta wa mtu maskini, ambaye alifika pale kwa kuwa ndipo kodi ilipokuwa nafuu. Sisemi watu wakae mtoni wafe maji. Ninachosema ni kwamba mtu wa bondeni anahukumiwa kwa mahali alipo, na wa kilimani hahukumiwi kwa anachoteremsha.

Na kwa nini hahukumiwi? Kwa sababu hakuna vipimo tunavyoonyeshwa. Hilo ndilo ninalotaka kulizungumza jioni ya leo. Kazi ya kwanza ya mwanasayansi wa mazingira ni kupima. Kazi hiyo haina sherehe ya kukata utepe, ndiyo maana hatuipi heshima yake.

Niruhusu nikuingize maabara kidogo. Chukua chupa moja ya maji ya Mirongo. Mwenye kuijua kazi haichoti hovyo: anatumia chupa iliyochemshwa au kuokwa ikawa safi kabisa, haigusi mdomo wake kwa vidole, anaandika saa na mahali, anaiweka kwenye boksi la barafu na kuiwahisha maabara siku ile ile. Ukiipandisha kwenye daladala ikapigwa jua mpaka jioni, utakachopima ni safari ya daladala, wala si mto. Maabara anayapunguza nguvu maji yale kwa maji safi, maana ya Mirongo ukiyapima yalivyo hutaweza kuhesabu kitu. Anayachuja kupitia utando mwembamba wenye vitundu vidogo kuliko bakteria. Maji yanapita, bakteria wanabaki. Ule utando anaulaza kwenye kisahani chenye chakula chao, anakifungia kwenye kabati la joto la nyuzi 44 mpaka kesho yake.

Kwa nini nyuzi 44? Hapo ndipo penye ujanja. Joto hilo bakteria wengi wa udongoni hawaliwezi, ila wale waliozoea kuishi tumboni mwa binadamu na wanyama wanalivumilia. Kesho yake anakuta vidoa vya njano kwenye kisahani. Kila kidoa ni ukoo uliozaliwa na bakteria mmoja aliyenaswa. Anahesabu vidoa, anazidisha kwa kiasi alichopunguza nguvu, anapata idadi katika kila mililita 100. Katika maji ya kunywa, idadi inayotakiwa ni sifuri.

Ndiyo hivyo tu. Hakuna mtambo wa kutisha, hakuna roketi. Kuna mtu mwenye nidhamu, kalamu na daftari. Akifanya hivyo leo juu ya makazi, chini ya makazi, mjini na pale mto unapomwaga ziwani, akarudia kila mwezi, kiangazi na masika, baada ya mwaka atakuwa na karatasi ambayo diwani hawezi kuipuuza kirahisi. Mwananchi akisema maji yananuka, anajibiwa kwamba suala lake linashughulikiwa. Akisema maji ya darajani yalikuwa na idadi hii Machi na idadi hii Aprili, na mabadiliko yalianzia hapa, maongezi yanakuwa mengine.

Kama unadhani natia chumvi, twende Mombasa. Kuna mtaa unaitwa Owino Uhuru, huko Mikindani. Palikuwa na kiwanda kikiyeyusha betri kuukuu za magari ili kutoa madini ya risasi. Mama mmoja, Phyllis Omido, aliajiriwa hapo mwaka 2009. Mtoto wake akaugua, hospitali zikahangaika na malaria na homa za matumbo, hadi damu ilipopimwa ikakutwa na risasi. Omido hakuwa mwanasayansi. Alichokielewa upesi ni kwamba kilio cha mama hakisikiki, bali namba za damu zinasikika. Watoto wengine wakapimwa, nao wakakutwa nayo. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, mwaka uliofuata Omido akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira, na mwaka 2020 mahakama ya Mombasa ikaamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Rufaa zikapigwa, hukumu ikatenguliwa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ikairejesha. Mawakili walifanya kazi kubwa katika safari hiyo, sikatai. Ila ondoa yule mtu wa maabara aliyechukua sindano na damu ya mtoto, halafu uniambie wakili angesimama na nini mbele ya jaji.

Turudi nyumbani. Baada ya kupima, kuna kujenga, na hapa Mwanza tuna mfano ambao hatuusimulii inavyostahili. Bomba la majitaka la kawaida linataka mtaro mrefu, mpana, wa kwenda chini sana, uliofuata barabara. Mlimani kwetu barabara hakuna na chini ni jabali. Kwa miaka mingi jibu la kitaalamu lilikuwa kwamba haiwezekani. Huko Brazil, katika mji wa Natal, mwanzoni mwa miaka ya 1980 mhandisi José Carlos de Melo na wenzake walikuwa na tatizo la namna hiyo: watu maskini, nyumba zimebanana, fedha kidogo. Wakageuza hesabu. Badala ya bomba kufuata barabara, likapita uani kwa watu, kutoka nyumba hadi nyumba. Kwa kuwa juu yake hapiti lori, halihitaji kufukiwa kina kirefu wala kuwa nene. Badala ya mashimo makubwa ya ukaguzi, wakaweka chemba ndogo ndogo. Gharama ikashuka sana.

Mfumo wa ukoo huo, tunaouita mfumo rahisi wa majitaka, Mamlaka ya Maji na Usafi wa Mazingira Mwanza, yaani MWAUWASA, imeuleta katika makazi yetu ya milimani, maeneo kama Mabatini, Igogo na Kilimahewa. Ukipanda huko utaona mabomba mengine yamelazwa juu ya jiwe, yamefungwa na zege, yanashuka kwa ngazi kama watu. Mwinuko ule ule uliokuwa adui sasa unafanya kazi ya bure, maana maji yanajishukia yenyewe bila pampu.

Lakini mhandisi akidhani kazi yake imeishia kwenye mchoro, amepotea. Bomba linalopita uani kwa watu linahitaji watu wakubaliane. Nyumba ya juu ikitupa matambara na mafuta ya kukaangia kwenye chemba, kinachoziba ni cha nyumba ya chini. Mama wa chini ndiye ataamka na sebule imejaa. Kwa hiyo mhandisi wa namna hii anakaa kwenye mkeka na wazee wa mtaa, anasuluhisha ugomvi wa mipaka, anamsikiliza mpangaji pamoja na mwenye nyumba anayeishi mji mwingine. Chuo hakimfundishi sana mambo hayo. Mimi ningeyatia kwenye mtihani.

Na kuna jambo la hesabu ambalo wengi hatulifikirii. Tulishangilia, kwa haki kabisa, chanzo cha maji cha Butimba chenye uwezo wa kuzalisha lita milioni 48 kwa siku, kikisaidiana na kile cha Capripoint. Maji yanapanda milimani, mama anapumzika ndoo. Vizuri. Lakini wahandisi wakisanifu huchukulia kwamba karibu asilimia 80 ya maji yanayoingia nyumbani yatatoka tena yakiwa machafu. Ukipeleka maji juu bila kupanga njia ya kurudi, umemwongezea kazi Mirongo. Kila bomba la maji safi lina mwenzake wa giza, na bajeti zetu humpenda wa kwanza zaidi. Wa kwanza ana koki ya kufunguliwa na mgeni rasmi.

Nimezungumza uchafu. Sasa tabianchi, maana kuna wanaosema hayo ni mambo mawili. Kwa Mirongo ni jambo moja, mvua ikizidi uchafu unatembea.

Mnakumbuka mwaka 2020 ziwa lilivyopanda. Ndani ya miezi kama sita lilipanda zaidi ya mita moja, mialo ikamezwa, mabanda ya dagaa yakaelea, Kisumu watu wakahama, Entebbe na Jinja vivyo hivyo. Mwaka 2024 likapanda tena. Wazee wakasema, hili tuliliona zamani, mwanzoni mwa miaka ya sitini. Ni kweli, kati ya 1961 na 1964 ziwa lilipanda zaidi ya mita mbili. Basi swali likawa: je, ni mambo ya Mungu tu ya kila baada ya miaka kadhaa, au mkono wa binadamu umo?

Swali hilo lilijibiwa, na ninapenda ujue lilijibiwa kwa kitu gani. Kuna mbao zenye alama za sentimita zilizosimamishwa majini tangu mwishoni mwa karne ya 19, enzi za wakoloni, kwenye bandari za ziwa hili. Mtu anafika, anatazama maji yamegusa alama gani, anaandika, anaondoka. Wakoloni waliondoka, usomaji ukaendelea. Nani alikuwa akisoma mbao hizo mwaka 1937, sijui jina lake, wala halijaandikwa kwenye barabara yoyote. Lakini watafiti wakiongozwa na Rosa Pietroiusti wa Chuo Kikuu cha Vrije cha Brussels, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2024, walizichukua kumbukumbu hizo, wakaziunganisha na takwimu za mvua, wakapiga hesabu ya dunia iliyochafuliwa hewa na dunia isiyochafuliwa. Wakakadiria kwamba mabadiliko ya tabianchi yaliongeza uwezekano wa kupanda kwa namna ile kwa karibu mara 1.8. Mwanasayansi mwaminifu hukupa namba na mashaka yake, nao walisema hesabu ina upana, kwa juu na kwa chini. Hata hivyo ni namba. Mama wa mwaloni aliyepoteza vichanja vyake vya kuanikia hakuchoma makaa ya mawe wala hajawahi kupanda ndege, na sasa kuna karatasi inayosema sehemu ya hasara yake huenda ina mwenyewe mbali na hapa. Bila msoma mbao wa 1937 karatasi hiyo isingekuwepo.

Ninyi wa dagaa, hapa nawasogelea. Mnavua usiku wa giza, karabai au taa za sola zikiwaka, kwa kuwa dagaa hufuata mwanga na mwezi ukiwaka hawaji. Na usiku ndio ziwa letu hutengeneza dhoruba. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, upepo unatoka ziwani kwenda bara, mvua za mchana zinanyesha huko juu. Usiku mambo yanageuka: nchi inapoa, maji yanabaki na joto, upepo unatoka pande zote za pwani na kukutana katikati ya ziwa. Hewa ile haina pa kwenda ila juu, na ikipanda na unyevu wote ule, radi. Mwaka 2016 Wim Thiery na wenzake walichapisha utafiti wakionyesha kwamba dunia ikiendelea kupata joto, dhoruba kali kabisa za Ziwa Victoria zitazidi ukali. Baadaye wakaonyesha jambo la kutumika: mvua kubwa za radi zikionekana bara alasiri, ni dalili ya kutazamwa kwa yatakayotokea ziwani usiku.

Mnasikia hapo? Alasiri kwa usiku. Yapo masaa katikati ya kumwonya mtu. Mamlaka ya Hali ya Hewa ina rada yake hapa hapa Mwanza. Kinachobaki ni ule ujumbe kutoka kwenye rada mpaka kwa kijana anayesukuma mtumbwi saa kumi na mbili jioni, kwa lugha yake, akauamini. Na hatauamini akiwa ameambiwa mara tatu kuna dhoruba isije, kwa sababu kukosa usiku mmoja ni kukosa unga. Kazi ya kuufanya utabiri uaminike ni sayansi pia, tena ngumu. Watanzania wanaiweza. Dakta Agnes Kijazi aliongoza mamlaka hiyo, na mwaka 2019 akachaguliwa makamu wa tatu wa rais wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani. Dakta Ladislaus Chang'a alichaguliwa mwaka 2023 kuwa mmoja wa makamu wenyeviti wa IPCC, jopo linaloandika ripoti za tabianchi ambazo marais wanazigombania. Kwa hiyo mwanao akikwambia anataka kusoma hali ya hewa, usimjibu kwamba unataka kazi, si kutazama mawingu.

Tukiwa bado ziwani, neno moja juu ya samaki wanaoitwa furu. Ghuba yetu ya Mwanza ilikuwa na furu wa aina ambazo ukizitaja unaambiwa unatunga. Mwaka 1977 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walianza kazi hapa na wenzao wa Kitanzania, wakivua, wakiorodhesha, aina kwa aina. Miaka ya 1980 sangara akashika ghuba, furu wakafutika kwa wingi. Sangara ndiye aliyelaumiwa, na kosa analo. Lakini mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walieleza upande wa pili: furu jike huchagua dume kwa rangi, na maji yakiwa na ukungu wa tope na mwani haoni rangi, anakosea, aina zinachanganyika na kupotea. Mwani unalishwa na fosforasi na naitrojeni, navyo vinatoka mashambani, kwenye moshi wa mioto ya nyika, na kwenye mito kama huu wetu. Samaki amekosea mume kwa sababu ya choo cha mlimani! Ungeweza kucheka kama isingekuwa kweli. Na tunajua yaliyopotea kwa kuwa kuna walioorodhesha kabla hayajapotea.

 

Nimtaje Mtanzania mmoja zaidi, Dakta Askwar Hilonga, mtoto wa kijiji cha Gongali, Karatu, mwalimu wa Taasisi ya Nelson Mandela pale Arusha. Mwaka 2015 alishinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, akiwa mshindi wa kwanza kabisa wa tuzo hiyo. Alibuni chujio la mchanga na chembe ndogo sana za kitaalamu, na sifa yake ni kwamba linarekebishwa kulingana na tatizo la maji ya mahali. Kwa watu wa kaskazini wenye floraidi nyingi linawekwa hivi, kwa wenye uchafu mwingine vile. Umeelewa maana yake? Kabla hujatengeneza chujio, lazima ujue maji yana nini. Hata mshindi wa tuzo anaanza na chupa na daftari.

Sasa niseme ukweli usiopendeza. Ajira za fani hizi hazijajaa kama vyuo vinavyotangaza. Kuna vijana wana shahada ya uhandisi wa mazingira kutoka Chuo Kikuu Ardhi, wanaendesha bodaboda hapa Mwanza, na wanayajua majitaka kuliko wengi wanaoyaamulia. Kosa si lao. Mradi mkubwa unapokuja una fedha za bomba, saruji na magari. Fedha za fundi sanifu wa maabara, wa kurudi kila mwezi kwa miaka 10, hazimo, au zimo kwa mwaka mmoja. Mradi ukifungwa, boksi la barafu linakuwa la kuwekea soda kwenye harusi. Tunajenga bila kupima kabla, tunamaliza bila kupima baada, kisha tunaambiwa mradi umefanikiwa. Umefanikiwa kwa kipimo gani?

Kwa kijana mwenyewe ushauri wangu ni mfupi. Usidharau stashahada. Chuo cha Maji kule Ubungo kinatoa mafundi sanifu wa maabara za maji na wa takwimu za mito, na watu hao ndio uti wa mgongo wa kazi nzima. Anayependa samaki, chuo cha uvuvi cha FETA kiko Nyegezi, na watafiti wa uvuvi wa TAFIRI wako hapa hapa. Anayetaka uhandisi aende, lakini ajifunze pia kuongea na watu, na takwimu asizikimbie. Binti asiambiwe hii ni kazi ya wanaume. Anayebeba maji na kumwuguza mtoto wa kuhara tayari ni yeye, asinyimwe na kipimo.

Mwisho nina ombi kwa jiji letu na kwako. Maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji iko hapa Mwanza. Ofisi ya Bonde la Ziwa Victoria iko hapa. MWAUWASA wako hapa. Wataalamu hatuagizi kutoka nje. Naomba Mirongo upimwe kila mwezi, mahali pale pale, na matokeo yabandikwe kwenye mbao za matangazo za ofisi za serikali za mitaa unakopita, kwa Kiswahili, pamoja na tarehe na jina la aliyepima. Kama yanapimwa tayari na yamefungiwa kabatini, yatolewe. Na wewe msikilizaji, mkutano wa mtaa wako ukiitishwa, usiende kulalamikia harufu. Nyosha mkono, umwombe mtendaji akuonyeshe vipimo vya mwezi uliopita. Akisema havipo, omba jibu hilo liandikwe kwenye muhtasari.